Safari ya Kumtafuta Mshamu, na Taya la Ngarambe

Tangu nirudi, kila nikikaa barazani mtu ananiuliza ilikuwaje, nami najibu kipande. Kesho yake nasikia kipande kile kimeota mkia na pembe, na msimulizi ananitaja mimi kuwa ndiye shahidi. Juzi nimeambiwa nilikula pamoja na Mdachi kwenye fuvu la mtu. Kwa hiyo nimeona niandike. Elimu yangu mnaijua: juzuu chache za chuoni, na herufi za Kizungu nilizookota shule ya serikali kabla marehemu baba hajanitoa nikalime. Sijui kama maneno yatakaa sawa. Nitasema nilichokiona, na nisichokiona nitasema sikukiona.

Wenyeji wa Kibiti wanajua kwa nini nilikwenda, lakini huenda mgeni akasoma. Dada yangu Zena ni mke wa Mshamu, mvuvi. Mwanzo wa vita, watu walipokuwa wakienda makundi kwa makundi Ngarambe kuchukua dawa ya yule mganga, maji ambayo walisema yatazigeuza risasi za Wadachi ziwe maji, Mshamu alikwenda nao. Hakurudi. Vita vikatupita, vikahamia kusini, njaa ikaja ikakaa mahali pake, Mshamu hayuko. Mtu mmoja alituambia amekufa, alimwona akianguka. Mwingine akasema amefungwa Mohoro. Wa tatu akala kiapo kwamba yuko Liwale na ameoa. Mwalimu wetu alisema, na sheria ndivyo ilivyo, kwamba bila shahidi Zena hawezi kukaa eda, na bila eda hana ruhusa ya kuolewa. Hata kulia hakuweza, maana utamliliaje mtu ambaye pengine anakula ubwabwa Liwale?

"Kaka, nenda," aliniambia. "Ukimkuta hai, aje au aniache. Ukikuta amekufa, njoo uniambie nikae eda yangu. Mie nimechoka kuwa mke wa uvumi."

Njia ya Ngarambe haikuwa ya mtu kupita peke yake. Nikapata kazi ya ukalimani kwa Mdachi mmoja, daktari, aliyetaka mtu wa kusema Kindengereko na Kimatumbi. Nilivyoipata si habari ya kuwachosheni.

Kibiti hadi Mkongo

Huyu hakuwa daktari wa homa. Alikuwa daktari wa mifupa, na katika mifupa alipenda meno. Katika sanduku moja alikuwa na mataya ya chokaa, yaliyotengenezwa kwa mfano wa mataya ya watu wa kale waliochimbuliwa mapangoni huko kwao. Kila tukipiga kambi alikuwa akiyatoa na kuyafuta vumbi, kama mama afutavyo vikombe vya arusi.

Mwenye kulibeba sanduku hilo aliitwa Kasole, Mnyamwezi mrefu, mpagazi wa siku nyingi. Kwa desturi ya njia za msafara Wanyamwezi ni watani wetu. Tunatukanana bila kukasirika, na mmoja akifa, mwenzake ndiye mwenye haki ya kufanya mzaha kwenye msiba wake, na hakuna wa kumkemea.

"Mtani," aliniambia hatujafika hata nje ya mji, "Mndengereko akifika mti wa pili anauliza kama wali umeiva."

"Na Mnyamwezi akitua mzigo anaanguka," nikamjibu, "maana ndio uliokuwa umemsimamisha."

Maneno hayo yalinisaidia kutembea, kwa kuwa njia yenyewe haikuwa na cha kusaidia. Mashamba yalikuwa majivu. Tulipita vijiji ambamo kuku hawawiki, si kwa kuwa wamelala. Kila tulipomkuta mtu nilimwuliza habari za Mshamu, mvuvi wa Kibiti, mwenye mvi kidogo kidevuni. Wote walinitazama kwa huruma, wote hawakumjua.

Mkongo tulikwama kwa sababu ya kutoelewana, na sijui nimlaumu nani. Daktari aliniambia, "Watangazie kwamba natafuta meno." Nikatangaza. Kesho yake asubuhi mbele ya hema walikuwapo watu wamefunga mashavu kwa nguo, wanaugulia, kila mmoja anadai awe wa kwanza. Walidhani amekuja mng'oa meno. Nilimweleza. Nilitegemea atakasirika, lakini alikunja mikono ya shati akatafuta koleo, akang'oa mpaka jua likapinda. Kwa hilo nitamsifu popote. Wengi walioteseka muda mrefu walilala usingizi siku ile.

Ugomvi ulitokea kwa mzee mmoja. Jino lake lilipotoka, Daktari aliliosha akataka kulitia kwenye chupa.

"Jino langu," mzee akasema, mkono ameunyosha.

"Mwambie limeoza," Daktari akaniambia.

Nikamwambia.

"Limeoza, ndiyo, lakini ni langu. Mwulize yeye nywele zake anamwachia nani akinyoa? Jino ni mtu. Nikimwachia mgeni nisiyejua kwao, si nimempa kamba ya kunifunga?"

Nikatafsiri yote, sikupunguza. Daktari akalitazama jino lile kwa uchungu kidogo, akampa mwenyewe, naye akalifunga kwenye pindo la shuka.

Baadaye Daktari alinionyesha meno aliyoruhusiwa kubaki nayo. "Tazama," akasema kwa Kiswahili chake kilichosimama wima. "Hili limesuguliwa limekuwa bapa kama sahani. Mwenyewe alikula unga wa kusagwa kwa jiwe. Jiwe linatoa mchanga, mchanga unakula jino. Na hili bado lina vilima vyake. Huyu alikula mchele uliotwangwa kwenye kinu cha mti." Nilipitisha ulimi kwenye magego yangu bila kutaka. Vilima vilikuwapo. Nikaona ajabu kwamba wali wote nilioula tangu utoto umeacha habari zake kinywani mwangu.

Mtoni

Rufiji tuliusubiri muda mrefu. Maji yalikuwa yameanza kupungua, mitumbwi haikuonekana. Wenyeji waliizamisha kwenye matete ili askari wasiichukue, na sisi tulikuwa na askari. Nikapiga kelele ng'ambo mpaka sauti ikakauka. Alikuwa akitoka mtu, anatutazama, anarudi ndani.

Tukawa tunakaa ukingoni. Mto ulikuwa umekata kingo wima kama mtu aliyekata mkate, na ungeweza kuona tabaka: udongo mweusi, mchanga, mweusi tena, chini kabisa vigae vya chungu. Sisi wa bondeni tunajua kila gharika inaacha tope juu ya shamba. Tunalima juu ya mashamba ya babu zetu. Daktari alipoona natazama pale akafurahi.

"Hivyo hivyo," akasema. "Mnyama anakufa, tope linamfunika, jingine linakuja juu. Nyama inaoza. Maji yanapita ndani ya mfupa, yanaacha mawe madogo madogo usiyoyaona, miaka na miaka, mpaka mfupa umekuwa jiwe. Lakini jino ndilo gumu kuliko yote. Mara nyingi mtu mzima amepotea, limebaki jino tu."

"Na jino moja linakwambia nini?" nikauliza.

Akafungua sanduku la Kasole, akatoa taya la chokaa. Lilikuwa kubwa, nene, halina kidevu. Chini ya meno ya mbele mfupa ulirudi nyuma tu. Akaniongoza mkono nishike kidevu changu. Akasema watu wa kale kabisa walikuwa na mataya mazito na magego makubwa, na kadiri watu walivyojua moto na kupika, taya lilipungua, mpaka gego la mwisho likakosa nafasi, ndiyo sababu linawatesa wengi. Akasema pia chonge la nyani ni refu kama kisu, amepewa kwa kutisha, lakini chonge la mtu ni fupi hata kwa wale wa zamani. Kwa kulinganisha hivyo, jino kwa jino, wenye elimu yake wanafuata njia ya mwanadamu kurudi nyuma.

"Kwa hiyo babu yetu ni nyani?" Kasole akauliza. Alikuwa amelala chali, tulidhani hasikii.

"Hapana. Wewe na nyani mna babu mmoja wa mbali sana, ambaye hakuwa wewe wala yeye."

"Bwana, mie huyu Mndengereko utani wake naukubali. Nyani sijakubaliana naye."

Daktari alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilisema nilivyofundishwa, kwamba sote tumetoka kwa Adamu na Hawa. Hakunidharau. Alisema yeye anajua meno tu, na meno hayakumwambia jina la mtu yeyote. Sikukubali. Mpaka leo nikifikiri naona kuna mahali sijafika, na sijui kama ni upungufu wa chuo au wa akili yangu.

Nilimwuliza jambo jingine. Je, kwa meno anaweza kupambanua Mdachi na Mndengereko? Akalirudisha taya sandukuni. Akasema alipotoka kwao alitumaini hivyo, na wakubwa zake wanatumaini hivyo bado. Lakini kila anapopima anaona chakula na kazi, haoni kabila. Alilisema kwa sauti ya mtu aliyechoka na hesabu isiyokubali.

Mwishowe mvushaji alikuja, si kwa ajili yetu. Mbuzi wake alikuwa amekwama upande wetu. Tukavuka pamoja na mbuzi.

Ngarambe, tukingoja ndiga

Ngarambe sikuiona kama nilivyoisikia. Nilitarajia mahali pa kutisha. Nilikuta nguzo zilizoungua, na wanawake wachache, na watoto wenye matumbo makubwa. Tulikaribishwa na mama mmoja mtu mzima, Somoe jina lake, aliyekuwa amebakiwa na kibanda na chungu.

"Nashika moo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Chakula kipo, lakini bado hakijawa chakula."

Alikuwa ameloweka ndiga, vile viazi vya mwitu vyenye sumu, ambavyo lazima vikae kwenye maji ya kijito na kubadilishwa maji na kubadilishwa tena kabla hujavipika. Chakula chetu sisi kilikuwa kimekwisha, mpunga ulioahidiwa njiani hatukuukuta. Basi tukangoja. Sijawahi kungoja chakula namna ile, mnakiona kipo majini, kimekatwa vizuri, cheupe, na mama mwenyewe amekaa karibu, kijiti mkononi, kama mchungaji. Askari mmoja hakustahimili, akachota kipande akakichoma kwa siri. Alipepesuka na kutapika mchana kutwa, akaongea na mama yake ambaye hakuwapo. Mama Somoe alimnywesha maji ya ukwaju, wala hakumsimanga. Nami sikumcheka, maana mkono wangu nao ulikuwa umeshafika majini mara moja.

Nilimwuliza habari za Mshamu.

"Mwanangu, walipita watu kama siafu. Kila mama anayekuja hapa ananiuliza sura. Mmoja alikuwa na kovu, mwingine mfupi, mwingine ana cheko. Zimechanganyika zote kichwani mwangu, zimekuwa sura moja. Nikikwambia nilimwona nitakuwa nimekudanganya, na nikikwambia sikumwona, vilevile."

Nilimshukuru. Wengi walionijibu kabla yake hawakuwa na uangalifu huo.

Daktari alimwuliza mahali walipopigana watu. Mama Somoe alionyesha kwa midomo, hakunyosha kidole. "Huko. Hatukupata nguvu ya kuwazika wote. Tulizika tuliowafikia."

Vichakani

Sasa nafika mahali panaponiwia vigumu.

Tulifika kwenye vichaka vile kabla ya jua kuwa kali. Nyasi zilikuwa zimeota juu. Wapagazi walikataa kuingia. Daktari aliingia mwenyewe, nami nikaingia kwa kuwa ndilo lililonileta. Mifupa ilikuwa imetawanyika, fisi walikuwa wamefanya kazi yao. Daktari aliokota vichwa na mataya, akavifunga kwa nguo, kwa utaratibu, bila kelele. Sitasema alikuwa akifurahi, maana hakuwa. Sitasema alikuwa akihuzunika pia. Mimi nilisoma Fatiha, nikaisoma tena, mpaka nikaona siisomi, midomo tu inakwenda.

Ndipo nikaokota taya la chini, jeupe, meno karibu yote yamo. Kwenye meno mawili ya mbele palikuwa na mkato laini wa mviringo, kama uzi umepita pale mwaka hata mwaka.

Mlio pwani na mtoni mnajua mkato ule. Mtu anayesuka nyavu mkono mmoja umeshika kibao cha kupimia tundu, mwingine una sindano, uzi anaukaza kwa meno. Mshamu alikuwa hivyo. Akizungumza nawe uzi ulikuwa kinywani, na ulipotoka ulionekana mkato wake. Nilikaa chini. Nilisema kwa sauti, "Shemeji."

Kasole alisikia kutoka nje, akaingia, yeye aliyekuwa amekataa. Akatazama taya, akanitazama. "Ndiye?"

"Ndiye."

Akavua kilemba chake akakitandaza nilaze taya juu yake. Akatafuta jembe. Hakufanya mzaha wowote, akasema mzaha wa mtani una wakati wake, kaburi kwanza. Mimi nilikuwa nalia, na ndani ya kulia, Mungu ananijua, palikuwa na nafuu: Zena atakaa eda, itakwisha, ataolewa, mambo yatasogea. Neno la ushahidi nilikwisha kulipanga kichwani.

Daktari akaja akachuchumaa. "Ndugu yako?"

"Mume wa dada yangu."

"Alikuwa na umri gani?"

"Ananipita mimi. Ana mvi."

Akaomba aliangalie taya. Aligeuza upande wa nyuma, akapitisha kidole, akaniita nisogee. "Hapa gego la mwisho bado limo ndani ya mfupa. Unaona kichwa chake kinachungulia? Halijatoka bado. Na haya mengine hayajasuguliwa. Huyu ni kijana. Ndevu zake zilikuwa zinaanza."

Nilitaka kumbishia. Lakini nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Mshamu gego lake la mwisho lilikuwa likimwuma kila masika, nyumba nzima hatulali, anasukutua maji ya chumvi na kulaani. Lilikuwa limetoka zamani, tena kwa matusi.

"Lakini mkato," nikasema. "Mkato huu ni wake."

Daktari aliinuka. Alikwenda kwenye sanduku akarudi na lile taya la chokaa lisilo na kidevu, akaligeuzia mwanga. Kwenye meno ya mbele palikuwa na mikwaruzo na ukingo ulioliwa. "Mtu huyu alikufa kabla ya kuwapo Kibiti, kabla ya kuwapo Udachi, kwetu kote kulikuwa barafu. Hakujua nyavu. Labda alikuwa akishika ngozi kwa meno, anaikata kwa jiwe. Mikono yake ilikuwa miwili kama yako, kazi ilikuwa ya mikono mitatu. Mkato unaniambia kazi. Hauniambii mtu."

Nikaweka mataya mawili karibu karibu, la chokaa na la kijana. Sijui nilitaka kuona nini. Niliona watu wawili wamebana kitu kwa meno kwa kuwa mikono imejaa. Nikaona pia nilivyokuwa karibu kumpelekea dada yangu kifo cha mtu mwingine.

"Basi tumzike huyu kijana," Kasole akasema, jembe bado liko begani.

Daktari alitikisa kichwa. Alisema taya hili ni zuri, limetimia, meno yanaonyesha umri na kazi kwa pamoja, ni nadra kupata namna hii. Likazwe kwenye nguo, liende na mengine.

"Ana mama yake huyu, Bwana," nikasema.

"Ndiyo. Lakini hana jina. Huko kwetu atapewa namba, hatapotea."

Nilimwomba tena, nikamwomba kwa Mungu wake. Alisema hapana, kwa upole. Siku zile yeye na mimi sote tulikuwa na homa, na dawa yake ya homa alikuwa akinigawia mimi kwanza. Nawaambieni yote mawili kwa kuwa yote mawili nimeyaona, na kuyaweka pamoja sijaweza. Kasole alichukua kilemba chake, hakukifunga tena kichwani.

Kushuka Mohoro

Kushuka kulikuwa na mvua za nje ya wakati na siafu na utelezi. Kasole aliteleza akagonga jiwe, na jiwe likawa jino. Lilikuwa kubwa kama ngumi, limegeuka jiwe kabisa, la mnyama ambaye Daktari alisema hakuna aliye hai amemwona. Aliruka kama mtoto.

"Na huyu naye nimbebe?" Kasole akauliza. "Amekufa kabla ya Nuhu, ameshindwa kutembea mwenyewe mpaka leo?"

Sikuweza kucheka. Nilikuwa nikihesabu sababu za kumpata Mshamu Mohoro, na hazikuwa nyingi.

Mohoro mpunga ulikuwapo, wa kuletwa kwa vyombo, na tulikula wali kwa mara ya kwanza tangu Mkongo. Niliumwa na tumbo kwa furaha ya tumbo. Halafu nikaenda kuuliza habari za wafungwa. Mfanyabiashara mmoja mwenye duka karibu na mto, Bwana Salehe, aliyekuwa akiwapelekea chakula, aliniambia, "Mshamu yupo! Mvuvi! Njoo."

Miguu yangu haikungoja shauri. Tulifika penye kazi ya kubeba mawe, akaita, "Mshamu!" Akageuka mtu mfupi, mnene wa mifupa, macho makubwa. Alikuwa Mshamu, alikuwa mvuvi, lakini wa kijiji cha Kikale, si wa Kibiti. Alinitazama kwa tumaini kama lile langu, akidhani nimetoka kwao.

"Umetumwa na nani?" akauliza.

Nikamwambia nimekosea. Akasema si neno. Akaniomba nikipita kwao niseme yu hai, na nilifanya hivyo wakati wa kurudi, na huko walipiga vigelegele, mimi nimesimama mlangoni kwa watu wasionihusu, nalishwa ndizi. Angalau uvumi mmoja katika nchi hii nimeumaliza.

Masanduku yalipakiwa chomboni. Daktari alinipa mkono. Nilimwomba taya mara ya mwisho, akanitazama kama atanipa, akatazama sanduku lilivyopigiliwa misumari, akasema, "Limekwisha fungwa." Nilibaki ukingoni mpaka chombo kikapinda kwenye mikoko.

Nyumbani

Kasole alikuwa anakwenda Darisalama kutafuta msafara mwingine, tukaongozana hadi Kibiti. Zena alituona tukiwa bado mbali, akaketi palepale alipokuwa, kwenye ngazi.

Nilimweleza vyote, kama nilivyowaeleza hapa. Mkato, gego, Mshamu wa Kikale. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Mshamu hujui."

"Sijui, dada."

"Ungeweza kuniambia ndiye."

"Ningeweza."

Akaokota mchanga akauacha umwagike. "Waliokuja kabla yako wote walijua. Basi, mie nitangoja mpaka mwalimu aone muda wa sheria umetimia. Nitakaa eda siku hiyo, si kwa taya la watu." Akapangusa mkono. "Huyo kijana, kwamba amekufa, una yakini?"

"Nimemshika mkononi."

"Naye mama yake hajui."

"Hajui."

Aliinuka akaingia ndani, akatoka na kikapu cha mpunga. Jirani yetu alipiga kelele, "Zena, hiyo si mbegu?" Akamjibu, "Nimebakiza," akaanza kutwanga.

Kesho yake baada ya adhuhuri walikuja watu wachache. Mwalimu alituongoza sala ya maiti aliye mbali, kisha tukakaa kusoma hitima. Ilipofika dua, akanigeukia. "Nimtaje nani?"

"Jina lake hatulijui, mwalimu."

"Mwana wa nani? Mama yake?"

"Hatumjui."

Watu wakatazamana. Mwalimu akafikiri, akasema, "Asiyejulikana mama yake hutajwa kwa mama wa wote." Akainua mikono. "Ewe Mola, mrehemu mja wako huyu, mwana wa Hawa."

Tukaitikia amina. Sahani zikaja, wali mchache, mchuzi wa maji. Hapo Kasole, aliyekuwa amekaa mlangoni kwa adabu muda wote, akasimama na sahani yake mkononi.

"Jamani, mtani wangu gani huyu?" akasema kwa sauti. "Mvivu kupita Wandengereko wote! Kafa hata meno hajamaliza kuota! Wenzake wanakwenda Ulaya kwa kazi, yeye anabebwa!"

Wazee walishtuka. Halafu mmoja akacheka, wakacheka wengine, mwalimu akafunika mdomo. Zena alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Kutoka kwenye kicheko kile kile akaangua kilio, kikubwa, cha kusikika mpaka barabarani, na wanawake wakamzunguka wakalia naye. Sikumwuliza alikuwa akimlilia yupi.